Shajara ya Tuzo: tawi linatafuta mtu wa kumpa kigoda

Jumapili, 5 Februari 2023

Kikao cha tawi la chama chetu, Kaloleni, Arusha. Akidi imetimia na viti vimepungua, jambo ambalo halijatokea hapa kwa muda mrefu. Sababu inajulikana. Tarehe 3 Januari Rais Samia aliondoa zuio la mikutano ya hadhara lililokuwepo tangu 2016, na sasa kila mjumbe amerudi na mipango aliyokuwa ameikunja miaka yote hiyo. Wengi wanataka jukwaa, spika na bendera. Mama Mhazini akaja na lake: tawi litoe tuzo kila mwaka kwa mtu wa Arusha au Meru aliyesimamia uhuru wa wenzake. Asiwe kiongozi. "Viongozi wana magari," alisema, akakaa.

Wengine walicheka. Mwenyekiti hakucheka, aliuliza hela zitatoka wapi. Ikaundwa kamati ya watu watano, ukatibu nikatwishwa mimi. Mzee mmoja akakumbusha kwamba leo inatimia miaka 56 tangu Azimio la Arusha litangazwe, na makumbusho yake ni hapo jirani tu. Kijana mmoja akamjibu kwamba Azimio lilizungumzia sana usawa, uhuru wa kupinga likauacha mlangoni. Mjadala ukala saa nzima na haukuwa kwenye ajenda. Nimeuandika kwenye muhtasari hata hivyo.

Jumapili, 26 Februari

Tarehe ya kutoa tuzo. Pendekezo la kwanza, kama ilivyotarajiwa, ni 9 Desemba. Likaanguka haraka: siku ile ni ya serikali, wapiga picha wote wako huko, na sisi tutaonekana tunasherehekea uhuru uleule kwa bajeti ndogo. Aliyetaka tuzo iwe na umbo la mwenge naye alianguka kwa sababu hiyohiyo. Mwenge una wenyewe, na tangu Alexander Nyirenda aupandishe Kilimanjaro mwaka 1961 hauhitaji msaada wa tawi letu.

Mzee wetu wa Ngarenanyuki akasema Novemba. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni Novemba 1951, serikali ya kikoloni ilipowatoa Wameru kwenye ardhi ile ili wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, watu wapatao 3,000 wakaambiwa waelekee upande wa Kingori ambako hawakutaka kwenda. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mwananchi alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko huko moja kwa moja. Wameru wakaitumia. Mwaka 1952, miaka miwili kabla ya TANU kuzaliwa, Kirilo Japhet alisimama New York kuwaeleza kilichotokea, akiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi yake Moshi. Kura za Baraza Kuu hazikufika theluthi mbili. Ardhi haikurudi mwaka ule.

Vijana wawili wa kamati walikuwa hawajawahi kuisikia habari hii, nao wamezaliwa Arusha. Mimi kilichonishika ni nauli. Safari ile ilitokana na michango ya wakulima, wengi wao hawajawahi kuiona hata bandari ya Tanga, na walichangia kumpeleka mtu mmoja akaseme. Nikamwambia Mwenyekiti kwamba swali lake la hela limejibiwa.

Kuipa tuzo jina la Kirilo? Mzee alikataa. "Jina lina ukoo, baba. Mkauulize ukoo kwanza." Basi itaitwa Tuzo, tutaona mbele ya safari. Tarehe ni Jumamosi, 18 Novemba.

Jumapili, 19 Machi

Kanuni. Kikao kirefu na chenye kelele, nadhani ndicho kikao muhimu kuliko vyote tutakavyofanya.

Lililopita bila shida: mtu awe hai, na tendo lake liwe na mashahidi wasio ndugu zake. Lililoleta shida ni chama. Mwenyekiti alichukulia kwamba tuzo ya tawi itaenda kwa mtu wetu. Mama Mhazini akamuuliza kama uhuru wa mtu wa chama kingine una ladha tofauti. Kijana wetu wa chuo, aliyekuwa ameperuzi tuzo za wenzetu, akasoma kutoka kwenye simu: huko Philadelphia, Marekani, kuna Nishani ya Uhuru, wa kwanza kuipewa alikuwa Lech Wałęsa, kiongozi wa wafanyakazi wa Poland, mwaka 1989, na mwaka 1993 walipewa pamoja Mandela na de Klerk, rais wa mwisho wa utawala wa makaburu Afrika Kusini.

Hapo moto ukawaka. Mzee akasema kumpa de Klerk ni sawa na kumzawadia mwenye ufunguo kwa kufungua mlango alioufunga mwenyewe. Kijana akasema asingefungua ungebaki umefungwa. Mimi niko upande wa Mzee. Lakini mabishano yao yametupa kanuni: mwenye cheo cha kuchaguliwa hapewi, mtia nia hapewi, kwa sababu kutenda haki ndiyo kazi anayoiomba na mshahara upo. Wa chama chochote anapewa. Asiye na chama anapewa.

Kanuni ya mwisho ilitokana na mfano wa hapa nyumbani. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2012 akiwa kazini, na muungano wa klabu za waandishi ukaanzisha tuzo kwa jina lake. Mama Mhazini hakutaka tungoje mtu afe. Tukaandika: tendo liwe limemgharimu mhusika kitu, na asiwe amelipwa kulifanya.

Mei

Boksi la mapendekezo limekaa kwa fundi viatu, pale ambapo kila mtu hupita. Diwani mmoja amependekezwa mara nyingi mno, mwandiko mmoja, kalamu moja ya kijani. Bwana mmoja kampendekeza mke wake "kwa kunivumilia". Nimemrudishia nikamwambia akamwambie mwenyewe. Vikaratasi vya maana si vingi, ila vipo.

Jumatano, 14 Juni

Kuna kikaratasi kimetaja jina la Mchungaji Christopher Mtikila. Alifariki Oktoba 2015, kwa hiyo kanuni inamwondoa, lakini leo si siku ya kukitupa kimyakimya. Ni miaka 10 kamili tangu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyokuwa inakaa kwenye majengo ya TANAPA barabara ya Dodoma, iamue kwamba kumlazimisha mgombea awe na chama ni kuvunja haki zake.

Mtikila alianza kudai mgombea binafsi miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa ushindi, katiba ikabadilishwa kuuzima. Mahakama Kuu ikampa tena 2006, Mahakama ya Rufani ikautengua 2010. Ndipo shauri likaja Arusha, sambamba na la Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakashinda. Na mpaka leo mgombea binafsi hayupo kwenye karatasi ya kura. Tena Novemba 2019 serikali ilijiondoa kwenye tamko lililomruhusu mwananchi na asasi kufungua shauri pale moja kwa moja. Mkazi wa Arusha anapita na kifodi mbele ya mahakama ya bara zima, kesi yake haiwezi kuvuka geti.

Nilipendekeza aliyeandika kikaratasi kile asimame Novemba aseme dakika mbili kuhusu Mtikila. Hakuweka jina. Nimebandika tangazo kwa fundi viatu.

Julai: uhakiki

Kwenye fungu la maana wamebaki watatu.

Wa kwanza ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Mtu akikamatwa, ndugu humpigia yeye kabla ya kumpigia wakili. Huwaeleza bure kwamba dhamana ya polisi hailipiwi, na kwamba kwa makosa mengi mtu anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Ana mashahidi wa kujaza basi. Shida ni ya kanuni yetu: tulipomuuliza kimemgharimu nini, alifikiri sana, akasema, "Vocha."

Wa pili ni mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Uchaguzi uliopita aligoma kijiwe chake kukodiwa kwa misafara. Kila dereva alikuwa huru kwenda kwa mafuta ya yeyote anayemtaka, ila bango la kijiwe lisiende na mtu. Wenzake walimng'oa kwenye uenyekiti, wakamrudisha baadaye. Nampenda huyu.

Wa tatu ilibidi tumfuate kijijini, Arumeru, tukapanda Noah mpaka njia panda na kumalizia kwa miguu. Mwenyekiti alikuja na viatu vya kikao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mmetumwa na nani?"

Hakutuachia mpaka tumejibu. Kisha akatupa loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, kwenye vikombe vya bati, akaingia ndani, akatoka na kauntabuku lililofunikwa gazeti. Kurasa zote zimechorwa mistari kwa rula, safu tano: tarehe, nani kaitisha, wangapi wamekuja, nimeuliza nini, nimejibiwa nini. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae walau kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Yeye alikuwa anaiandika hata miezi ambayo mkutano haukuitishwa. Safu ya pili kistari, ya tatu kistari, ya nne swali lake liko palepale, "ushuru wa mchanga", ya tano kistari. Nilifunua kurasa na kurasa za vistari vilivyochorwa kwa rula ileile.

Kijiji kina korongo, malori yanabeba mchanga, kila lori linalipa. Fedha hazikuwahi kusomwa. Aliposimama kuuliza aliitwa mpinga maendeleo, jina lake likarukwa kwenye orodha ya mbegu za ruzuku, na majirani wawili waliokuwa wananunua maziwa kwake wakahama. Hakupiga kelele. Alikuwa anasubiri mkutano unaofuata. Siku moja mtendaji mpya alikuja, akaambiwa kuna mama ana daftari, akaliomba alisome. Sasa mapato na matumizi yanabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na tumeyaona kwa macho yetu, yameloa mvua lakini yanasomeka. Mashahidi walijitokeza bila kuitwa. Mmoja wao ni yule jirani wa maziwa.

Njiani kurudi Mwenyekiti alikuwa kimya, nikadhani ni viatu. Kumbe aliona ukutani kalenda ya chama kile kingine. Kadi yake ni ya huko tangu 1995.

Agosti

Mfadhili. Mtu mwenye nia yake ya 2025, ambaye simtaji, kasikia habari zetu. Anatoa ukumbi, muziki, fulana, na shilingi milioni 3. Anachotaka ni picha yake kwenye bango na yeye ndiye akabidhi tuzo.

Nimeona watu waadilifu wakitetea jambo hili kwa hoja nzuri. Kwamba fedha ni fedha, kwamba na yeye ni mwanachama, kwamba bila muziki hawaji. Tulipiga kura tawi zima na tukakataa kwa tofauti ndogo. Vijana wawili wameacha kuja, na mmoja ndiye aliyekuwa anajua kutengeneza mabango. Ni hasara ya kweli na sitaipamba. Ila tuzo ya uhuru inayokabidhiwa na mtu anayehitaji kura za wote waliokaa pale tungekuwa tumeitoa kwake yeye, mama wa watu akawa mpambe.

Bajeti mpya ni shilingi 10,000 kwa kila mjumbe anayeweza. Mama Mhazini kanunua kitabu cha stakabadhi, na hata mimi katibu amenikatia.

Septemba

Kitu chenyewe. Vikombe vya dukani vimepakwa rangi ya dhahabu inayobanduka kwa ukucha. Fundi wa hapa Kaloleni alikuwa na kipande cha mringaringa kutoka kwenye mti ulioanguka shambani kwa mjumbe wetu mmoja, kimekaushwa kivulini muda mrefu. Akasema kinatoa kigoda, cha gogo moja, miguu mitatu, bila gundi wala msumari. Kamati ikakubali papo hapo. Kwenye mikutano ya kijiji meza kuu ina viti vya plastiki, wananchi wako kwenye nyasi.

Nimeshinda pale kumwangalia. Anaanza kwa tezo, anakula mti kwa vipande vidogo kama maganda ya muhogo, anageuza, anapima kwa kiganja badala ya futi. Miguu anaitoa mwishoni, kwa patasi, na hapo haongei na mtu. Mwenyekiti akapita, akapendekeza kipakwe rangi za chama, japo kwenye miguu tu.

"Mzee wangu," fundi alimjibu bila kuinua kichwa, "rangi hupakwa mti mbaya."

Kimepigwa msasa na mafuta. Chini, mahali ambapo hapaonekani mpaka ukipindue, kimechongwa 2023.

Oktoba

Uamuzi umepatikana kwa kura ya siri. Yule mama, tatu kwa mbili.

Kabla ya kura ilirudi tena hoja ya kadi yake. Mjumbe mmoja alisema waziwazi: tutakuwa tumewapigia debe wale, na kwenye mitaa watatucheka. Mzee wa Ngarenanyuki akasema Wameru walipochanga nauli hawakuulizana nani anasali wapi. Sina hakika kwamba hilo ndilo lililogeuza kura. Nafikiri ni lile kauntabuku. Kuna aliyelishika na kuna asiyelishika, na walioenda kijijini tulikuwa watatu.

Tukampigia. Alishukuru, akauliza kigoda kina ukubwa gani, kisha:

"Na ninyi huko tawini mnasoma mapato na matumizi?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama Mhazini alitutazama mmoja mmoja. Hesabu zake ziko safi, kila mtu anajua, lakini tawi hili halijawahi kuzibandika mahali, na yeye kila mwaka huomba hivyo na kila mwaka tunamwambia kikao kijacho.

"Basi zisomwe siku hiyo, kabla ya kunipa mimi," mama alisema. "Zote, za chama nazo, siyo za sherehe tu. Nisije nikakalia kitu ambacho sijui kimelipiwaje."

Mwenyekiti alitaka tuende kwa yule wa bodaboda. Wajumbe wanne walikataa, pamoja na aliyepiga kura ya kumpinga mama.

Jumamosi, 18 Novemba

Ukumbi tuliokuwa tumeukodi umetukatalia juzi kwa ujumbe wa simu: "hatuchanganyi na siasa". Tukahamia uani kwa mama ntilie mmoja, chini ya turubai. Mkutano wa ndani hauhitaji taarifa ya saa 48 kwa polisi kama wa hadhara, lakini tuliandika barua tukagongewa muhuri. Askari mmoja alikuja, akapewa kiti na chai, akakaa mpaka mwisho.

Mvua za vuli zimeshika kwelikweli. Turubai lilikuwa linajaa, vijana wanalisukuma kwa fito. Mama alifika na wenzake wamejaa Noah nzima, wamepanda na magunia miguuni. Aliyeandika kikaratasi cha Mtikila alijitokeza: mwalimu mstaafu, alitumia dakika zake mbili vizuri na akaongeza nyingine nyingi.

Mama Mhazini akasoma. Ada za wanachama, michango, kodi ya chumba cha ofisi, bendera, nauli. Alipofika "mafuta ya pikipiki, Mwenyekiti" watu waliguna, Mwenyekiti akasimama, akaeleza safari moja moja. Alieleza vizuri. Nilimwona ametoka jasho kwenye baridi ile, na nilimheshimu kuliko siku zote.

Kigoda kilikabidhiwa na fundi viatu. Mama alikipindua kwanza akasoma chini, akakikalia, akatoa kauntabuku na kuanza kuuliza: bendera mpya ya nini na ile ya zamani iko wapi?

Jumapili, 10 Desemba

Hesabu za sherehe zimebandikwa mlangoni. Zilibaki shilingi 86,000. Tarehe 3 mlima Hanang uliporomosha tope na magogo juu ya Katesh, na usiku wa pili yake kamati ilizituma zote kwenye michango ya waathirika. Tulikubaliana kwa simu, hakukuwa na kikao. Kwangu mimi lilikuwa jambo sahihi na ningelifanya tena.

Leo asubuhi pembeni ya mstari ule kuna mtu kaandika kwa kalamu: "Nani aliidhinisha? Muhtasari uko wapi?" Mwandiko siujui. Kalamu ni ya kijani.

Mwenyekiti anataka karatasi ing'olewe ibandikwe nyingine safi. Mama Mhazini kakataa, kaandika chini yake "Jibu litatolewa kikao cha 17 Desemba", akaweka sahihi. Kwenye ajenda nimeliweka la kwanza. La pili ni kamati ya mwaka ujao. La tatu ni bendera ya zamani, ambayo bado haijapatikana.